Kisukari na maumivu ya mwili mzima: dawa ya dukani ipi inafaa, na ipi inaumiza figo

Maumivu ya fibromialjia hayaonekani kwenye eksrei wala kwenye kipimo cha damu. Mgonjwa huumwa mabega, mgongo, nyonga, mikono na miguu kwa miezi mitatu au zaidi. Hulala usiku kucha na kuamka amechoka kama mtu aliyetoka kulima. Husahau mambo madogo madogo. Akipimwa, majibu yanarudi kuwa hana kitu, na jamaa huanza kunong'ona kwamba anajifanya. Akishachoka kuzungushwa, huenda kwa kemisti iliyo karibu na kununua tembe za maumivu, na wiki ijayo hurudi kununua nyingine.

Mazoea hayo yana hatari kwa mtu yeyote, lakini kwa anayeishi na kisukari hatari ni kubwa zaidi. Dawa ambayo wengi huikimbilia kwanza haisaidii sana maumivu ya aina hii, na ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuharibu figo ambazo sukari imekuwa ikizichosha kwa miaka.

Fibromialjia ni nini

Katika fibromialjia, ubongo na uti wa mgongo huzikuza habari za maumivu kupita kiasi. Ni kama redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho: hata mnong'ono unatoka kama kelele. Misuli haijachanika, na viungo havijavimba kama vya mtu mwenye baridi yabisi, lakini maumivu anayoyasikia mgonjwa ni ya kweli. Duniani, watu wapatao 2 hadi 4 kati ya kila 100 wana hali hii, na wengi wao ni wanawake.

Mwaka wa 1990 wataalamu wa Marekani waliweka utaratibu wa kubonyeza sehemu 18 za mwili. Zikiuma 11 au zaidi, mgonjwa alihesabiwa kuwa na fibromialjia. Tangu 2010 kubonyeza si lazima tena. Daktari au tabibu huuliza ni maeneo mangapi yanauma, usingizi ukoje, uchovu ukoje na kumbukumbu ikoje. Kwa maneno mengine, kinachohitajika zaidi ni mtu wa kumsikiliza mgonjwa kwa makini, si mashine ya bei ghali.

Kwanza, je, ni fibromialjia kweli?

Swali hili lina uzito kwa mgonjwa wa kisukari, kwa sababu kuna maumivu mengine yanayofanana na haya na yana tiba yake.

Sukari iliyokaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Maumivu hayo kwa kawaida huanzia vidoleni mwa miguu yote miwili na kupanda polepole, kama mtu anayevaa soksi ya moto, na huzidi usiku. Bega linalokataa kuinuka, hata kwa kuchana nywele, linaweza kuwa bega lililoganda, tatizo linalowapata watu wenye kisukari mara nyingi kuliko wengine. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri nayo huleta uchovu na maumivu ya misuli. Dawa za kupunguza kolesteroli kama atorvastatini huwaumiza baadhi ya watu misuli. Anayeshuku hivyo azungumze na daktari wake, asiziache kimyakimya.

Kisha kuna metformini yenyewe, tembe ambayo wagonjwa wengi wa kisukari huimeza kila siku. Ni dawa nzuri na hakuna sababu ya kuiogopa. Ila ikitumika kwa miaka, inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi, kuchomwachomwa na uchovu. Hugunduliwa kwa kipimo cha damu na hutibiwa kwa sindano au tembe za B12. Wapo wanaojinunulia vitamini B za mchanganyiko na kuzitumia mfululizo bila kupimwa. Hizo nazo si za kuchezea, kwa kuwa vitamini B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ile ile ya fahamu ambayo mtu alitaka kuitibu.

Brufen, diklofenaki na figo

Ibuprofeni, ambayo wengi huiita brufen, diklofenaki, naproksen na piroksikamu ni dawa za ukoo mmoja. Hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali zinazoleta uvimbe. Kwa jino linalouma au kifundo kilichoteguka, kazi yake huonekana. Katika fibromialjia hakuna uvimbe wa kuzuia. Ndiyo maana mapendekezo ya wataalamu wa Ulaya, EULAR, yaliyochapishwa mwaka wa 2017, hayakuzipendekeza kwa ugonjwa huu. Mgonjwa humeza tembe, hapati nafuu ya maana, kisha huongeza.

Wakati huo huo, figo zinalipia gharama. Kila figo ina vichujio vidogo sana, karibu milioni moja. Damu huingia kwenye kichujio kwa mshipa mmoja mwembamba na kutoka kwa mwingine, na msukumo uliopo katikati ndio unaochuja uchafu. Kemikali zile zile ambazo brufen huzizuia ndizo zinazosaidia kuweka wazi mlango wa kuingilia. Zikizuiwa, mlango huo hubana.

Sasa, wagonjwa wengi wa kisukari wana presha pia, na hupewa enalaprili au losartani. Dawa hizi hupanua mlango wa kutokea ili msukumo ndani ya kichujio upungue, na zikitumika peke yake huzilinda figo za mwenye kisukari. Wengine huongezewa tembe ya kupunguza maji mwilini, kama haidroklorothiazidi. Mtu akimeza zote tatu, tangi lina maji machache, bomba la kuingiza limebanwa na la kutoa limefunguliwa. Kichujio hubaki bila msukumo, na figo zinaweza kushindwa kazi ndani ya siku chache.

Chukua mfano wa mama wa miaka 55 anayetumia metformini, losartani na tembe ya kupunguza maji. Mwili unamuuma, ananunua brufen na kumeza mara tatu kwa siku. Wiki hiyo hiyo anaharisha kwa siku mbili, na kwa kuwa hali vizuri wala hanywi maji ya kutosha, mwili unakauka. Muuza dawa hakumuuliza anatumia nini kingine, naye hakuona haja ya kusema. Figo hazina kawaida ya kuuma zinapoharibika kwa njia hii. Atakapoona mkojo umepungua na miguu imevimba, tatizo litakuwa limekwenda mbali, na metformini ambayo hutolewa na figo itakuwa inarundikana mwilini. Anayejua maisha ya kufika hospitalini mara mbili au tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine hahitaji kuelezwa zaidi.

Si figo peke yake. Dawa za ukoo huu hupandisha presha, huchubua tumbo hadi kuleta vidonda, na ibuprofeni inaweza kuzuia kazi ya aspirini ndogo ambayo baadhi ya wagonjwa wameandikiwa kwa ajili ya moyo. Zinaweza pia kuongeza nguvu ya tembe za kushusha sukari kama glibenklamidi, na sukari ikaanguka.

Hii haina maana kwamba mwenye kisukari hawezi kamwe kumeza brufen. Aliyepimwa figo na kukutwa ziko sawa anaweza kuruhusiwa na daktari kuitumia siku chache kwa sababu maalum. Kinachokataliwa ni kuifanya chakula cha kila siku. Kila mgonjwa wa kisukari anapaswa kupimwa kreatinini ya damu na protini ya mkojo angalau mara moja kwa mwaka. Kama kliniki haijataja vipimo hivyo, mgonjwa ana haki ya kuviulizia.

Kilichobaki kwenye rafu

Parasetamoli ndiyo tembe ya maumivu iliyo salama zaidi kwa figo, ingawa kwa fibromialjia yenyewe nafuu yake ni ndogo. Husaidia pale maumivu mengine, kama ya goti au kichwa, yanapojiongeza juu ya yale ya kila siku. Mtu mzima mwenye ini zima asizidishe tembe 8 za miligramu 500 kwa saa 24. Anayekunywa pombe kwa wingi au mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza kiasi kinachomfaa. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, hivyo ni rahisi kumeza kipimo mara mbili bila kujua. Zile za kuyeyusha kwenye maji zina chumvi ya sodiamu nyingi; baadhi hubeba zaidi ya miligramu 400 kwa tembe moja, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku nzima kutoka kwa vyakula na vinywaji vyote. Mwenye presha anunue za kawaida.

Tembe zilizochanganywa kwenye bahasha ya kaki bila jina ziachwe. Mara nyingine mchanganyiko huo huwa na deksamethasoni au prednisoloni. Mtu hupata nafuu ya ajabu siku hiyo hiyo, na sukari yake hupanda kwa siku kadhaa bila yeye kujua sababu. Katika nchi mbalimbali dawa hizo zimewahi kukutwa zimefichwa ndani ya unga uliouzwa kama mitishamba. Dawa yoyote inayomaliza maumivu ya miaka mingi kwa usiku mmoja inafaa kutiliwa shaka, hasa kama mashine ya sukari inasoma juu kuliko kawaida. Tramadoli nayo si ya kununua bila kuandikiwa.

Mitishamba ya kweli ina nguvu pia. Uwatu, shubiri na mwarobaini vinaweza kushusha sukari. Vikiongezwa juu ya insulini au glibenklamidi, mtu anaweza kuanza kutetemeka na kutokwa jasho. Chai ya tangawizi haina tatizo, ila vijiko viwili vya asali vinavyowekwa ndani ni sukari kama sukari nyingine.

Joto husaidia, na halina gharama. Kukandwa kwa kitambaa cha maji moto mabegani au mgongoni hulegeza misuli na kuleta usingizi. Hatari iko miguuni. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi anaweza kuitumbukiza kwenye beseni la maji yanayounguza asihisi, na kidonda kikaanzia hapo. Maji yajaribiwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine wa nyumbani, na chupa ya maji moto isilazwe kitandani karibu na miguu. Krimu za kuchua zenye mentoli zinaweza kutumika kwenye ngozi nzima, si juu ya kidonda, wala zisifunikwe kwa kitu cha moto.

Dawa isiyouzwa

Katika mapendekezo yale ya mwaka wa 2017, jambo moja tu lilipewa uzito wa juu kabisa: mazoezi. Hayo hayo hushusha sukari. Tatizo ni kwamba anayeumwa mwili mzima akisikia neno mazoezi hufikiria mbio, akajaribu siku moja, akalala siku tatu. Mwendo unaofaa ni wa polepole: dakika 5 au 10 za kutembea kila siku, kisha kuongeza dakika chache baada ya wiki moja au mbili. Siku ya nafuu asijaribu kufua nguo zote na kulima shamba lote, maana kesho yake ataamka na deni. Maumivu yakiongezeka kidogo mwanzoni, hiyo si ishara ya kuumia.

Anayetumia insulini au glibenklamidi apime sukari kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 4, anywe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, asubiri dakika 15 na kupima tena. Ikiwa juu ya 14 na hajisikii vizuri, aahirishe. Viatu viwe vimefungwa mbele, na nyayo zikaguliwe akirudi.

Usingizi nao una uzito wake, kwani usiku mbaya huongeza maumivu na sukari kwa pamoja. Mwenye kisukari anayeamka kila mara kwenda haja ndogo huenda anahitaji sukari yake irekebishwe kabla ya kutafuta dawa ya usingizi.

Hayo yote yasipotosha, ziko dawa za kuandikiwa na daktari, kama amitriptilini kwa kipimo kidogo wakati wa usiku. Duloksetini na pregabalini hutumika kwa fibromialjia na pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu yanayoletwa na kisukari, hivyo mwenye matatizo yote mawili anaweza kutibiwa kwa tembe moja. Zinahitaji uangalizi, kwa kuwa baadhi huongeza uzito na kizunguzungu.

Mgonjwa anapokwenda kliniki ya kisukari abebe pakiti zote anazotumia, zikiwemo za kemisti na za mitishamba, hata zile anazoona haya kuzitaja. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu mwaka wa 2023 wamepewa mikoba yenye mashine za kupima sukari na presha, wanaweza kumpima nyumbani katikati ya miadi. Anayeona mkojo umepungua sana, uso au miguu imevimba, choo cheusi kama lami, kutapika kusikokoma, au kidonda cha mguu asichokumbuka kilivyoanza, aende hospitalini siku hiyo hiyo, na tembe za maumivu aziache hadi apimwe.