Unene wa Gasketi na Nguvu ya Injini Yenye Supachaja

Mwenye gari apendaye mbio huweza kumwendea fundi na kumwambia: "Nataka kutia supachaja ili gari lipate nguvu. Je, haitoshi kuondoa gasketi ya hedi iliyo nyembamba na kutia iliyo nene?" Swali hili ni dogo, lakini jibu lake laweza kuiokoa injini au kuiua. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari alielewe jambo hili kabla ya kutoa fedha zake.

Kwanza na tuitazame injini yenyewe. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Ikishuka, huvuta hewa na petroli. Ikipanda, huzishindilia katika nafasi ndogo iliyobaki chini ya hedi, yaani kile kifuniko kizito cha chuma kilicho juu ya silinda. Ndipo plagi inapotoa cheche, petroli ikawaka, na nguvu ya moto ikaisukuma pistoni chini. Kule kushindiliwa ndiko mafundi wanakokuita kompresheni. Ikiwa hewa iliyojaa vibaba 10 imeshindiliwa hata ikaenea katika kibaba 1 tu, twasema kompresheni yake ni 10 kwa 1.

Kati ya hedi na bloku hulazwa gasketi. Kazi yake ni kuziba, ili moto usitoke katika silinda, wala maji ya rejeta yasichanganyike na mafuta. Lakini tundu la gasketi nalo ni sehemu ya ile nafasi ambamo hewa hushindiliwa. Gasketi ikiwa nene, nafasi huongezeka na kompresheni hupungua. Ikiwa nyembamba, kompresheni huzidi.

Sasa na tupige hesabu. Chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 86, na pistoni inayosafiri milimita 86. Nafasi inayopitiwa na pistoni ni kama sentimita za ujazo 500. Ikiwa nafasi inayobaki juu yake ni sentimita za ujazo 55.5, kompresheni ni 10 kwa 1. Haya, ongeza milimita 1 katika unene wa gasketi. Duara la silinda lina eneo la sentimita za mraba 58, basi nafasi itaongezeka kwa sentimita za ujazo 5.8 na kuwa 61.3. Jumlisha 500 na 61.3, kisha gawanya kwa 61.3, utapata 9.2 hivi. Milimita moja tu imeishusha kompresheni kutoka 10 hadi 9.2.

Kwa nini mtu atake kuishusha? Sababu ni supachaja. Chombo hiki ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe, nacho huisukumia silinda hewa nyingi kuliko ile ambayo ingevuta kwa nguvu zake. Hewa ikizidi, petroli nayo huzidishwa, na nguvu huongezeka. Lakini hewa inayoshindiliwa hupata joto. Imekwisha kushindiliwa na supachaja, kisha hushindiliwa tena na pistoni. Joto likipita kiasi, sehemu ya petroli ambayo bado haijafikiwa na moto wa plagi hujiwasha yenyewe kwa mshindo. Hapo injini hugonga, na kugonga kukiendelea, pistoni hutoboka na gasketi hupasuka.

Jambo hili lilichunguzwa sana Uingereza na Harry Ricardo, ambaye katika mwaka 1919 alikuwa na injini ya majaribio ambayo kompresheni yake iliweza kubadilishwa. Nayo injini ya Rolls-Royce Merlin, iliyorusha ndege za Spitfire katika vita vya 1939 hadi 1945, ilikuwa na supachaja, na kompresheni yake ilikuwa 6 kwa 1 tu.

Basi, je, gasketi nene ndiyo dawa? Hapana budi tufikiri mambo matatu. La kwanza, katika injini nyingi pistoni ikifika juu hukaribia sana ukingo wa hedi, kama milimita 1 hivi. Ukaribu huo huisukuma hewa kuelekea katikati na kuivuruga, moto ukaenea upesi. Gasketi nene huiondoa faida hiyo, na injini yaweza kugonga ingawa kompresheni imepungua. La pili, supachaja huongeza nguvu inayotaka kuinua hedi. Gasketi nene isiyo imara itapulizwa nje. Zilizo imara ni zile za matabaka ya chuma. La tatu, kama kemshafti iko juu ya hedi, kuinuka kwa hedi hubadili kidogo wakati wa kufunguka kwa vali.

Kwa hiyo mafundi wenye ujuzi hubadili pistoni, wakatia zilizochimbwa juu, na gasketi wakaiacha katika unene wake wa kawaida. Gasketi nene kidogo yafaa hasa pale hedi iliposawazishwa kwa mashine, ili kurudisha nafasi iliyopotea.

Liko na jambo la nchi yetu. Nairobi iko juu ya bahari kiasi cha mita 1,700, na hewa yake ina mkandamizo wa ratili 12 hivi kwa inchi ya mraba. Mombasa ni ratili 14.7. Supachaja inayozidisha mkandamizo mara moja na nusu itatoa ratili 18 Nairobi, na 22 Mombasa, tena katika joto la pwani. Injini iliyotulia Nairobi yaweza kugonga ikifika Mombasa. Fundi na apime akiikumbuka pwani.

Mwisho, usinunue gasketi kwa kuitazama kwa macho. Uliza unene wake baada ya kukazwa na bolti, uandike, upige hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na rahisi huvunja upishi.

Maswali ya kujipima:

1. Katika injini ya mfano wetu, gasketi ikizidi unene kwa nusu milimita, kompresheni itakuwa ngapi?

2. Kwa nini gasketi nene yaweza kuifanya injini igonge?

Jibu la swali la kwanza ni 9.6 kwa 1. La pili limo katika somo.