Kuchomelea Vyuma Uani: Macho na Mapafu

Buswelu inajengwa upesi, na kila nyumba inayopanda yahitaji geti na grili za madirisha. Vijana wetu wengi wanaiona riziki hapo, nao wanataka kuanza kuchomelea vyuma uani kwao. Kazi ni nzuri. Lakini karakana ikiwa uani, anayeweza kuumia si fundi peke yake.

Kwanza mashine. Gesi ya oksijeni na asetilini hufaa kwa bati jembamba, lakini mitungi yake haipaswi kukaa karibu na jiko la mkaa, na grisi kidogo kwenye koki ya oksijeni yaweza kuleta mlipuko. Mashine ya waya ni rahisi kujifunza, ila ile inayotegemea gesi ya kukinga hushindwa penye upepo, na upepo wa ziwa twaujua. Kwa anayeanza nyumbani, sisi tunaona afadhali mashine ya umeme ya rodi. Hufanya kazi hata nje, na kwa geti yatosha kabisa. Ubaya wake ni moshi.

Moshi huo si kama wa kuni. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuingiza katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hatari ya karibu zaidi iko kwenye mabomba na vyuma vilivyopakwa zinki. Mchana fundi anavichomelea, jioni anatetemeka, homa inapanda, viungo vinauma, na mdomoni ana ladha ya chuma. Huku kwetu kila mtu atasema ni malaria, naye atameza dawa. Homa ya zinki kwa kawaida huisha yenyewe kwa siku moja au mbili. Hata hivyo malaria nayo ipo, basi apimwe damu na amweleze daktari kazi aliyoifanya. Akibanwa na pumzi, apelekwe hospitali mara moja. Ni bora kuondoa zinki kwanza mahali pa kuunga, na kusimama upepo ukipita ubavuni ili moshi usimjie usoni.

Mwanga nao huunguza jicho kama jua kali liunguzavyo ngozi. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, kama mtu aliyetiwa mchanga machoni. Miwani ya jua haitoshi. Kinachotakiwa ni kinyago chenye kioo cheusi namba 10 hadi 12. Wapo wanaotia maziwa au kuweka vipande vya kiazi. Tusifanye hivyo, kwani tunaweza kuingiza vijidudu. Kitambaa safi chenye maji baridi na chumba chenye giza husaidia. Yasipopungua kwa siku mbili, au chembe ya chuma ikiingia, aende kliniki ya macho, kwa mfano Bugando.

Na watoto? Hao hukusanyika kama kwenye sinema. Tuweke turubai au mabati kuwazuia, tukikumbuka kwamba mwanga hurudi pia kutoka ukuta mweupe.

Kujifunza kwa kutazama jirani hakutoshi. Chuo cha VETA kipo Nyakato, si mbali nasi. Mwanafunzi aanze na vipande vibovu, avute mstari mmoja ulionyooka mpaka mkono utulie, ndipo aunganishe. Glovu ziwe kavu, viatu viwe na soli ya raba, na mvua ikianza mashine izimwe. Pipa lililowahi kuwa na petroli asiliguse, hata kama mwenye nalo anasema limekaa tupu mwaka mzima.