Baraza mlangoni, majirani karibu
Katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, nyumba nyingi za mawe zina daka mlangoni, lenye baraza mbili zinazotazamana. Mgeni huketi hapo na kuzungumza na mwenyeji uso kwa uso, bila kuingilia faragha ya familia. Mpita njia naye husimama, akasalimia, akapata habari za mtaa. (Hata mkutano wa chifu tunauita baraza.)

Nyumba zetu za siku hizi zina ukuta mrefu na geti la chuma. Majirani hukutana msibani. Anayechora ramani ya nyumba anaweza kurudisha geti nyuma kidogo, ndani ya mpaka wa ploti yake, na kujenga benchi za saruji pande zote mbili, zenye kivuli.