SOMO LA KIINGEREZA: HERUFI "S" INAYOHESABU WATU

Hapa Kalerwe sokoni mtu ananunua nyanya kwa Kiluganda, na Kiswahili chetu kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005. Lakini fomu nyingi za shule, hospitali na ofisi ziko kwa Kiingereza. Kwa hiyo leo tunajifunza kitenzi cha wakati uliopo, kwa mmoja na kwa wengi. Chukua daftari na kalamu.

1. Sisi tunahesabu mwanzoni, Kiingereza kinahesabu mwishoni

Tunasema "mtoto analala" na "watoto wanalala". Ile a- au wa- ya mbele inatuonyesha kama ni mmoja au ni wengi. Kiingereza hakina kitu hicho mbele ya kitenzi. Kinaweka "s" nyuma:

The child sleeps. (Mtoto analala.)
The children sleep. (Watoto wanalala.)

Kanuni: he, she, it, au jina la mtu mmoja au kitu kimoja, kitenzi kinapata "s". I, you, we, they, au majina ya wengi, kitenzi kinabaki bila "s". Neno "you" halibadiliki: ni la mtoto na la mzee, la mtu mmoja na la watu kumi.

2. Mbona "s" inatuchanganya?

Kwa sababu kwenye jina "s" ni ya wengi, lakini kwenye kitenzi ni ya mmoja! Tazama:

The boy works. (Mvulana anafanya kazi.)
The boys work. (Wavulana wanafanya kazi.)

Mara nyingi "s" inakaa upande mmoja tu. Ukiipa jina, usiipe kitenzi. Lakini angalia: children, people, men na women ni wengi ingawa hawana "s". Tunasema "people come", siyo "people comes".

3. Kwa waliosoma Kifaransa

Katika Kifaransa "il parle" na "ils parlent" zinaandikwa tofauti, lakini sikio linasikia kitu kimoja. Ndiyo maana wengi wetu tuliotoka Kongo tunaumeza mwisho wa neno. Katika Kiingereza mwisho huo unasikika, kwa hiyo utamke wazi: "works" inaishia na s, "lives" inaishia na z, "teaches" inaishia na iz.

4. Kosa dogo, hasara kubwa

Tuseme mama anaulizwa ofisini ndugu zake wako wapi. Anajibu: "My sister live in Goma." Anayeandika anajiuliza: ni dada mmoja au ni madada? Akikisia vibaya, faili litakuwa na mtu asiyekuwepo, au litakosa mtu aliyepo. Siku nyingine mama ataulizwa tena, na majibu hayatalingana. Ataonekana anadanganya, kumbe ni "s" tu!

Aseme hivi: "I have one sister. She lives in Goma. My two brothers live in Nakivale." Taja idadi kwanza, kisha kitenzi kiifuate. Na pale penye mkalimani, mwombe akusaidie. Si aibu.

5. Vitenzi vyenye njia yao

Be: I am, he, she, it is, we, you, they are.
Have: I have, she has, they have.
Go: I go, he goes, they go.
Carry: I carry, she carries, they carry.

Katika kuuliza na kukana, "s" inahamia kwenye "does", na kitenzi kinabaki bila kitu:

Does your husband live here? He does not live here.

Usiseme "does he lives". Pia can, must na will hazipokei "s" kamwe: "she can read".

6. Mitego

Kwetu pesa na habari tunazisema kama nyingi: "pesa zimekwisha". Kiingereza kinazihesabu kama kitu kimoja: "the money is finished", "the news is good". Lakini polisi ni wengi daima: "the police are here".

Ukimpeleka mtoto mmoja hospitali, sema: "One of my children is sick." Mgonjwa ni mmoja, ingawa umetaja watoto.

Na wanaosoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 wataona "cometh" na "loveth". Huo ni mwisho wa zamani wa mmoja. Leo tunasema "comes" na "loves".

ZOEZI. Chagua neno sahihi:
1. My mother (sell, sells) onions in Kalerwe.
2. The women (sing, sings) on Sunday.
3. Does he (know, knows) your name?
4. One of the boys (is, are) absent.
5. My children (go, goes) to school.

Majibu: 1 sells, 2 sing, 3 know, 4 is, 5 go.

Jioni andikeni sentensi moja kwa kila mtu wa nyumba yenu: anaishi wapi, anafanya nini. Watoto wanaosoma shule wawasahihishe wazazi, na wazazi wasikasirike. Mubarikiwe.