Mafunzo Niliyopata Nikitafuta Chuo Kikuu Kutoka Nakivale

Nilifika Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, nikiwa na Diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari cha Kongo, nikaja mjini Mbarara kusomea shahada ya sanaa na ualimu. Sasa naishi Kakoba, hapahapa Mbarara, nafundisha historia na Kiswahili. Kila matokeo ya mtihani yakitoka, vijana wa kambini hunijia na bahasha za vyeti. Haya ndiyo ninayowaambia.

1. Cheti cha nje kilinganishwe kwanza

Diplome ya Kongo hutoa asilimia. Vyuo vya Uganda husoma alama za herufi za UACE, mtihani wa kidato cha sita. Msajili hana namna ya kupima asilimia zako mpaka UNEB, baraza la mitihani la taifa, lizilinganishe. Vyeti vya vyuo hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Kilichoandikwa kwa Kifaransa kitafsiriwe kwa Kiingereza, na tafsiri ithibitishwe. Shughuli hiyo hula muda na pesa, na tarehe ya mwisho ya chuo haimngoji mtu. Ianze kabla fomu za kujiunga hazijatoka.

2. Kagua jina herufi kwa herufi

Kongo, cheti hubeba majina matatu, la ubatizo likiwa la mwisho. Siku ya kuandikishwa ukimbizi karani huweza kuchukua mawili tu, akatanguliza la ubatizo, akaandika anavyosikia. Niliwahi kumwona kijana ambaye diplome yake inasema Mushagalusa na kadi yake ya ukimbizi inasema Musagarusa. Kwa msajili wa chuo hao ni watu wawili. Dawa ni hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, inayoeleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Tandika karatasi zako zote mezani uzikague mwenyewe kabla ofisi haijakukagua.

3. Njia ya kuingia si moja

Inayojulikana ni UCE ya kidato cha nne yenye masomo matano uliyofaulu, pamoja na UACE yenye ufaulu kamili, yaani A hadi E, katika masomo mawili ya mtihani wa mwaka mmoja. Lakini mwenye stashahada huweza kuingia kwa stashahada yake. Aliyepungukiwa UACE huweza kusoma Cheti cha Elimu ya Juu kwa mwaka mmoja. Aliyetimiza miaka 25 anaruhusiwa kufanya mtihani wa kujiunga wa watu wazima, na matokeo yake hudumu miaka 2.

Mama mmoja wa Juru, sehemu ya kambi ya Nakivale, aliyeachishwa shule na vita, aliniuliza, “Mwalimu, nirudi kidato cha tano nikakae na watoto?” Nikamjibu, “Hapana, dada. Umri wako ndio utakaokuingiza.” Alifanya mtihani wa watu wazima, akapita.

4. Piga hesabu kabla ya kuchagua kozi

Katika UACE, A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3 na E ni 2. Vyuo vya umma huzizidisha kwa uzito wa somo katika kozi unayoomba: yale ya lazima mara 3, yanayohusiana mara 2. Tuseme una B ya historia, C ya fasihi na D ya jiografia. Mawili ya kwanza yakiwa ya lazima na la tatu likihusiana, una 15 na 12 na 6, jumla 33. Kwenye kozi isiyohitaji fasihi, alama hizohizo hushuka. Wengi hukataliwa na kozi waliyoiomba wakati kozi ya jirani yake ingewapokea.

5. Sanaa si jalala la walioshindwa sayansi

Dharau hii ina mizizi. Mwaka 2022 walimu wa sayansi wenye shahada katika shule za serikali walipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Wenzao wa sanaa walibaki nyuma, wakagoma. Mzazi akiniuliza, “Mwalimu, historia inaliwa?” simdanganyi kuhusu mshahara. Ila namkumbusha kwamba Julai mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na walimu wake ni wachache. Kijana wa Kivu aliyekua na Kiswahili nyumbani, Kifaransa shuleni na Kiingereza Nakivale ana mtaji ambao wengi darasani hawana. Anachokosa ni shahada ya kuuhalalisha.

6. Barua ya kukubaliwa hailipi ada

Chuo kikikukubali, mhasibu bado anakungoja. DAFI, ufadhili ulioanzishwa na Ujerumani mwaka 1992 kupitia UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, huwasomesha wakimbizi shahada ya kwanza, lakini waombaji ni wengi kuliko nafasi. UNHCR yenyewe inalenga asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe vyuoni ifikapo 2030. Maana yake, hata lengo likitimia, wengi watabaki nje. Kwa hiyo omba ufadhili na chuo kwa wakati mmoja, na uulize mapema kama ada hulipwa kwa awamu.

Wewe uliyefungia diplome yako sandukuni tangu ulipovuka mpaka, itoe wiki hii. Soma jina lako, tafuta mtafsiri, peleka UNEB. Kozi utaichagua baadaye. Cheti kisicholinganishwa hakikupeleki popote.