Mali ya Ardhini na Sauti ya Raia

Wengi hudhani kuwa nchi ikifunguliwa hazina ya ardhini, uhuru wa raia nao hufunguka. Mara nyingi huwa kinyume cha hayo. Natuitazame Kuwait, ambayo majahazi yake wazee wetu waliyajua, yakija Mombasa na Lamu kwa kaskazi na tende, na kurejea kwa kusi na boriti.

Kabla ya mafuta, mtawala wa Kuwait alitegemea ushuru wa wafanya biashara na wa lulu. Sheikh Mubarak, aliyetawala tangu 1896 hata 1915, alipozidisha kodi, baadhi ya matajiri wa lulu walitweka matanga wakahamia Bahrain. Ikambidi apeleke watu kuwabembeleza warudi. Sauti yao ilikuwa na uzito kwa kuwa hazina yake ilijazwa kwa mikono yao.

Mwaka 1938 mafuta yalivumbuliwa Burgan, na mwaka huo huo jamaa kubwa za mji zikachagua baraza la kutunga sheria. Baraza lilipotaka malipo ya kampuni ya mafuta yapitie kwake, likavunjwa mwezi wa Desemba. Mafuta yakaanza kuuzwa nje 1946. Tangu hapo mtawala hakuwa na haja ya ushuru wa lulu. Raia wakapata shule, hospitali na kazi bila ya kutozwa kodi ya mapato. Ni neema kubwa, lakini apewaye bila ya kutoa hana pa kushika atakapo hesabu. Bunge lililowekwa kwa katiba ya 1962 lilisimamishwa 1976, 1986, na tena 2024.

Je, kosa ni la mafuta? La. Norway ilipata mafuta 1969, na bunge lake lilikuwako tangu 1814. Mali iliikuta daftari iko wazi. Botswana ilivumbua almasi 1967, baada ya kwisha kupiga kura. Na 2024 chama kilichotawala tangu uhuru kilishindwa, kikaondoka kwa salama.

Basi fundisho ni hili: desturi ya kuulizana hesabu itangulie mali. Kwetu Kenya mafuta yalionekana Turkana 2012, na titani ya Kwale ilichimbwa hata 2024. Raia anayeuliza fungu lake tu ameuliza nusu. Naaulize pia mkataba u wapi, na nani aliyeukagua. Mali bila daftari hupotea bila habari.