Wanaomtawaza Mfalme

Watu wengi hudhani kwamba mfalme hujitawaza mwenyewe, maana majeshi na mali ni vyake. Desturi za zamani zaonyesha vingine. Hata Wamasai, waliochunga ng'ombe kando ya Ziwa Naivasha, karibu na ulipo sasa mji wa Karagita, na ambao hawakuwa na mfalme, walitaka laibon wa kuwabariki vijana wao awe mtu wa ukoo wa Inkidongi.

Lakini mahali ambapo kazi hizi zimegawanywa kwa utaratibu mkubwa ni Buganda. Kabaka hutawazwa Naggalabi, katika kilima cha Buddo, chini ya ulinzi wa Semanobe. Mrithi hutambulishwa na Kasujju, mlezi wa wana wa wafalme. Wala haingii vivi hivi: hupiganwa kwanza vita vya mchezo, kwa kukumbuka jinsi Kintu, kama wasimuliavyo Waganda, alivyomshinda Bemba mahali pale. Mugema, wa ukoo wa Kima, humfunga nguo ya gome la mti. Watu wa ukoo wa Mbogo humbeba mabegani. Ngoma za Mujaguzo hutunzwa na Kawuula, wa ukoo wa Kakakuona. Naye Kabaka mwenyewe hufuata ukoo wa mama yake, ili ufalme usiwe mali ya ukoo mmoja.

Mwaka 1967 serikali ya Uganda iliufuta ufalme huo. Sheria iliweza kukiondoa kiti, lakini haikuweza kuziondoa koo. Na tarehe 31 Julai, 1993, Ronald Muwenda Mutebi II alipotawazwa Buddo, wenye kazi zao walikuwapo.

Katika Bara Hindi kazi ziligawanywa kwa tabaka. Kitabu cha Agni Purana chaagiza mfalme amiminiwe mitungi minne: Brahmini ashike wa dhahabu wenye samli, Kshatriya wa fedha wenye maziwa, Vaishya wa shaba wenye mtindi, na Shudra wa udongo wenye maji. Hata mtu wa chini alikuwa na mtungi wake, ingawa kila aliyeutazama alijua cheo chake!

Tabaka hizo zilimtaabisha sana Shivaji, shujaa wa Wamaratha. Alikuwa na ngome nyingi na jeshi la kutisha, lakini Mabrahmini wa nchi yake walikataa kumtawaza, wakisema kwamba yeye si Kshatriya. Ilimlazimu amwite Gaga Bhatt, mwanachuoni wa Banaras, aliyekubali kwamba nasaba yake yatokana na Warajputi wa Mewar. Kwanza alivishwa uzi mtakatifu, naye alikuwa mtu mzima mwenye wake na watoto. Kisha, tarehe 6 Juni, 1674, akatawazwa katika ngome ya Raigad, na makuhani wakapata zawadi nyingi.

Siku chache baadaye mama yake, Jijabai, alifariki. Kuhani mwingine, Nischal Puri, alidai kwamba ibada ile ilikuwa na kasoro. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, Shivaji alitawazwa mara ya pili, kwa ibada za Kitantra.